Rangi ya chambo bandia ina kazi gani kweli? Namna ya kuchagua bila kumaliza hela dukani

Kila msimu wa nguru ukianza swali ni lilelile, nitumie rangi gani. Na kila nahodha ana jibu lake, huyu anakwambia nyekundu na nyeupe usitoke hapo, yule anaapa kwa pinki, mwingine anasema samaki hana habari na rangi we weka chochote. Wote wana ukweli kidogo kidogo. Jibu langu mimi ni kwamba rangi inafanya kazi ila inakaa mwisho kwenye foleni, inatanguliwa na sehemu unayovua, kina, mwendo na saizi ya chambo, na hata ikifika zamu yake kinachoamua sio ile rangi uliyoipenda dukani, ni rangi inayobaki chambo kikishaingia kwenye maji ya siku hiyo. Kwaiyo tunaanza na maji, chambo baadae.

Nimeandika zaidi kwa wanaorambaza (kukokota chambo nyuma ya boti) na wanaocheza jigi (chambo kizito kinachoshushwa chini na kuchezeshwa juu chini) huku pwani, Lamu mpaka Mtwara, ila watu wa Ziwa Victoria na Tanganyika msipite, mana Victoria mambo yamegeuka juu chini ukilinganisha na bahari na ndo sehemu inayofurahisha kuliko zote kwenye habari hii.

Hatua ya 1: pima maji kwanza

Chukua mfuniko mweupe wa ndoo kubwa, ile ya lita 20. Toboa tundu katikati, pitisha uzi mnene, chini funga chubwi nzito au kipande cha chuma ili mfuniko ushuke ukiwa umelala flati usiende pembeni kama jani. Uzi upige fundo kila mita moja. Ukifika unapovua, simamisha chombo, shusha mfuniko upande wenye kivuli cha chombo (upande wa jua mng'ao utakudanganya), hesabu mafundo mpaka usiuone tena, alafu vuta taratibu mpaka uonekane, kati ya hapo na hapo ndo kipimo chako. Dakika mbili umemaliza.

Kuna watakaocheka kwamba baharia mzima anazamisha mfuniko wa ndoo. Padri mmoja Muitaliano, Angelo Secchi, alifanya hivihivi kwa sahani nyeupe kwenye bahari ya Mediterania mwaka 1865 na mpaka leo watafiti wa maziwa na bahari wanazunguka na sahani ya aina hiyo kwenye boti zao.

Sasa majibu. Huu mgawanyo ni wa kazi tu, usiukariri kama sheria. Mfuniko ukipotea ndani ya mita 3 una maji machafu, ya tope au ya mwani, yani hali unayoikuta kwenye midomo ya Rufiji, Wami, Ruvu na Pangani wakati wa masika, Malindi mto Sabaki ukishusha udongo mwekundu, na sehemu kubwa ya Ghuba ya Mwanza na upande wa Kisumu. Ukipotea kati ya mita 4 na 12 hivi una maji ya kijani, ndo hali ya kawaida ya ndani ya miamba na karibu na pwani. Ukizidi hapo una maji ya bluu, mkondo wa Pemba, nje huko Fungu Kizimkazi, na Tanganyika pia siku maji yametulia.

Kitu kimoja cha kuangalia, maji yanaweza kubadilika katikati ya safari. Kwenye mdomo wa mto maji yakiwa yanakupwa unauona kabisa mstari, huku kahawia huku kijani, na takataka na povu zimejipanga juu yake. Nguru na kolekole wanapenda kuvizia kwenye mstari huo. Ukivuka mstari umebadilisha maji, kwaiyo na chambo kifikirie upya.

Hatua ya 2: jua rangi gani inakufa wapi

Mwanga wa jua una rangi zote ndani yake na maji yanazila moja moja. Kwenye maji ya bahari safi nyekundu ndo inaliwa kwanza, ikifika mita 10 karibu yote imeisha, inafata machungwa, alafu njano, kijani inavumilia, na bluu ndo inayokwenda chini kabisa. Mtu yeyote aliyepiga mbizi Mafia au Mnemba na tangi atakwambia, ukijikata chini huko damu haionekani nyekundu, inaonekana kijani kijani au nyeusi. Damu haijabadilika, ni kwamba hakuna mwanga mwekundu wa kuipiga na kurudi machoni.

Maana yake kwa mvuvi ni hii. Jigi lako jekundu zuri ukilishusha mita 40 kutafuta changu au chewa kule chini sio jekundu tena, ni jeusi. Sio kwamba halitavua, linaweza kuvua vizuri tu, ila linavua kama kitu cheusi na ungetumia jeusi kabisa ungepata kilekile. Ndo mana samaki wengi wa kina kirefu ni wekundu wenyewe, ile ni nguo ya kujifichia, wekundu chini kule ni giza.

Na hapa watu wengi wanasahau kitu, sio kina tu kinachokula rangi, umbali wa pembeni nao unakula. Chambo kinapita mita 2 chini ya uso wa maji, sawa, lakini nguru anakiangalia akiwa mita 12 nyuma yake, mwanga umeshuka kutoka juu ukagonga chambo alafu ukasafiri tena mita 12 mpaka kwenye jicho lake, na wekundu wote umebaki njiani. Kwaiyo kwa mbali anaona kivuli na mng'ao, rangi anaanza kuiona akishakaribia, na akishakaribia kwa mwendo ule mara nyingi ameshaamua.

Sasa Ziwa Victoria. Kule maji yana mwani, matope na rangi ya mimea iliyooza, na hivyo vitu vinakula bluu kwanza. Ukishuka chini mwanga unaobaki unaelekea njano, machungwa mpaka nyekundu. Yani kinyume cha bahari. Na ushahidi wake anao samaki mwenyewe. Kwenye miamba ya visiwa vya kusini mwa ziwa, upande wa Mwanza, kuna furu wawili ndugu wa karibu sana, mmoja dume lake ni la bluu, anaitwa kitaalamu Pundamilia pundamilia, mwingine dume lake lina wekundu mgongoni, huyu alipewa jina la Mwalimu kabisa, Pundamilia nyererei. Kisiwani Makobe ambapo maji ni masafi kidogo, wa bluu anakaa juu juu na nyererei anakaa chini zaidi, na macho ya nyererei yamejengwa kuona vizuri zaidi mwanga mwekundu mana ndo uliopo kule anakoishi. Watafiti waliliandika hilo mwaka 2008. Na miaka ya 90 ilishaonekana kwamba sehemu ambazo maji yamechafuka sana, majike yanashindwa kutofautisha madume kwa rangi, jamii zinachanganyikana.

Kwaiyo mtu wa Mwanza, Musoma, Kisumu au Entebbe akisoma ushauri wa mvuvi wa bahari kwamba nyekundu haina maana chini ya mita 10, asiuchukue. Kwako machungwa, nyekundu na dhahabu ndo zinaonekana, bluu ndo inageuka jeusi. Anayefata sangara kwa chambo bandia nyuma ya boti aanze na machungwa na tumbo la dhahabu kabla hajafikiria hizo bluu na fedha za baharini. Tanganyika hapana, yale maji ni masafi sana, kule fata ya bahari.

Hatua ya 3: jiulize nani anakiangalia

Samaki wa miambani, changu, kolekole wadogo na jamaa zao, wanaona rangi vizuri, wanaishi kwenye dunia ya rangi na kwenye maji mafupi. Hawa rangi inaweza kukupa tofauti. Samaki wa maji makubwa kama jodari macho yao yameegemea bluu na kijani, mana huko nje ndo mwanga uliopo, kwa huyo nyekundu kali na kahawia havipishani sana. Sulisuli ana kiungo kichwani kinachopasha joto ubongo na macho, faida yake ni kukamata kitu kinachokwenda kasi hata maji yakiwa baridi, kwaiyo huyo mwendo na mtikisiko wa chambo vinamgusa kuliko unavyodhani.

Sangara we mwenyewe umeshamuona usiku, ukimmulika tochi macho yanawaka. Ni jicho la kutumia mwanga mdogo. Samaki wa namna hiyo kwenye mwanga hafifu usimsumbue na rangi tano kwenye chambo kimoja, mpe umbo lililo wazi.

Alafu kuna ngisi. Hapa naomba tukae kidogo mana biashara ya vyambo vya ngisi, vile vya umbo la kamba wa baharini vyenye taji la miiba mkiani vilivyoanzia Japani, ni ya rangi tupu. Pinki, machungwa, zambarau, kijani, mgongo wa dhahabu, tumbo jekundu. Na ngisi haoni rangi. Yeye, pweza na dome, karibu wote wana aina moja tu ya kipokea mwanga kwenye jicho, na ukiwa na aina moja huwezi kulinganisha rangi, unaona mwanga mwingi na mwanga kidogo basi. Kipokezi chenyewe kimeegemea bluu ya kijani. Kwaiyo mbele ya ngisi chambo chekundu ni cheusi, cha kijani hafifu au cheupe ni kile kinachong'aa, na pinki inakaa katikati. Anachokizidi binadamu ni kwamba anaona namna mwanga ulivyojipanga ukishagonga magamba ya samaki, kitu ambacho sisi hatukioni bila miwani maalum.

Sasa je, wanaobeba vyambo kumi vya rangi kumi ni wajinga? Hapana, ila wanapata kwa sababu nyingine. Wakibadilisha kutoka pinki kwenda nyekundu wanakuwa wamebadilisha kutoka weupe wa wastani kwenda giza, na ngisi ameona hiyo. Ukilijua hilo unahitaji vitatu tu: kimoja cheupe au chenye kuwaka gizani, kimoja cha katikati, kimoja cheusi au chekundu. Mbalamwezi ikiwa kali anza na cheusi, giza likiwa totoro anza na kinachowaka, na ukivua chini ya karabai au taa za LED usikirushe katikati ya mwanga, kirushe pale mwanga unapokutana na giza, ngisi anasimama upande wa giza anasubiri dagaa wajichanganye.

Hatua ya 4: saa na anga

Samaki anayewinda karibu na uso wa maji mara nyingi anakuja kutoka chini, anatazama juu. Juu kwake ni mwanga. Chambo chochote kikiwa kati yake na mbingu kinakuwa kivuli, na rangi ya mgongo wa chambo hawezi kuiona kabisa, ile ni ya kukufurahisha wewe mnunuzi. Tumbo ndo linalomkabili.

Alfajiri kabla jua halijachomoza na jioni likishazama, nyeusi na zambarau iliyoiva ndo zinatoa kivuli kikali kuliko zote. Watu wanaona ajabu kufunga chambo cheusi gizani, wanadhani hakitaonekana, wakati ndo kinachoonekana. Jua likipanda kwenye maji ya bluu, hamia bluu na fedha au kijani na fedha yenye tumbo jeupe, hapo mng'ao unafanya kazi mana jua lipo la kung'arisha. Wingu zito likitanda fedha inakufa, haina cha kurudisha, weka nyeupe ya kawaida isiyong'aa au njano ya kijani. Kwenye maji ya tope huku pwani saa yoyote ni mbili tu, njano ya kijani kali au nyeusi, na chambo kiwe kikubwa kidogo na kinachotetemeka, mana kule anakisikia kabla ya kukiona.

Msimu nao unaingia. Kaskazi maji mengi ya pwani yanatulia yanasafika, bluu na fedha zinapata kazi. Kusi bahari imechafuka, upepo umekoroga, vaa rangi zenye kelele.

Hatua ya 5: fungua tumbo la samaki wa kwanza

Hii ni fupi ila usiiruke. Samaki wa kwanza ukimpandisha mpasue hapohapo utazame alichokula. Ukikuta dagaa mchele, chambo chembamba cha fedha au cheupe cha urefu wa kidole. Ukikuta vibua, mgongo wa kijani cheusi na tumbo jeupe, kinene kidogo. Ukikuta chuchunge, kirefu chembamba. Ukikuta ngisi, pinki hafifu au nyeupe yenye sketi. Angalia urefu kwanza alafu ndo rangi. Chambo cha rangi sahihi chenye urefu mara tatu ya anachokula kitapita mbele yake atakiangalia tu.

Hatua ya 6: sanduku lenye vitano, na vingine utengeneze

Kwa pwani ningebeba hivi: cheupe chenye kichwa chekundu, cha bluu na fedha, cha njano ya kijani ile kali ya vizibao vya trafiki, cheusi na zambarau, na cha pinki. Kile cha kichwa chekundu ndo mzee wa kazi, utakikuta kwenye kila sanduku kuanzia Shimoni mpaka Kilwa, na sababu yake sidhani kama ni wekundu. Wekundu ukizama unakuwa giza, kwaiyo unapata kichwa cheusi na mwili mweupe, mpaka mkali kabisa katikati, na huo mpaka ndo unaoonekana kwa mbali. Ukitaka kuhakikisha chukua cheupe kitupu upake kichwa rangi nyeusi ulinganishe.

Wengi tunaviita vyote Rapala hata kama vimetoka kiwanda kingine kabisa, na za bei ya chini sio mbaya, shida yake ni ndoana na pete, hizo badilisha kabla hujaingia baharini mana nguru wa maana anazinyoosha.

Sasa za kutengeneza. Za wazee wetu za manyoya meupe ya jogoo zinavua mpaka leo. Kama huna jogoo, chukua salfeti ya plastiki iliyochakaa, kata kipande cha upana wa vidole vinne na urefu wa kiganja, chambua nyuzi za kulala zote utoe, zibaki za kusimama tu upande wa chini, juu acha kama sentimita mbili hazijachambuliwa. Zungushia hiyo sehemu ya juu kwenye shingo ya ndoana, funga na uzi mwembamba kwa kuukaza kila mzunguko, alafu paka gundi ya kukausha haraka. Nyuzi zipite ndoana kidogo, zikizidi sana samaki atang'ata mkia akuache. Kwa nguru na mzia mbele weka waya, uzi mtupu wanaukata kama hawauoni.

Rangi unaongeza kwa vitu vya nyumbani. Rangi ya kucha ni nzuri kuliko watu wanavyofikiri, inashika kwenye plastiki na chuma, inavumilia chumvi, chupa moja nyekundu na moja nyeusi zinakutosha msimu. Ukiwa na maka peni nyeusi isiyofutika kwenye boti unaweza kugeuza cheupe kuwa cheusi tumboni bila kufungua mshipi. Na kijiko cha stenlesi cha kulia wali, ukikata mpini ukatoboa matundu mawili, kimoja mbele cha pete na kimoja nyuma cha ndoana, una chambo cha kung'aa ambacho dukani kinauzwa bei ya kukukasirisha. Ila muulize mwenye jiko kwanza.

Hatua ya 7: kagua kwa tochi ya noti feki

Kuna rangi zinaitwa za kuwaka, ambazo zinapokea mwanga wa bluu au ule wa zambarau usioonekana na kuutoa upya kama njano, kijani au machungwa. Hizi ndo rangi pekee zinazodanganya sheria ya hatua ya 2. Machungwa ya kawaida kwenye mita 30 za bahari imekufa, machungwa ya kuwaka bado ni machungwa mana inatengeneza mwanga wake kutoka kwenye bluu iliyofika pale.

Kwa macho dukani huwezi kuzitofautisha vizuri, na maandishi kwenye pakiti usiyaamini. Chukua ile tochi ndogo ya zambarau wanayokagulia noti feki, ingia nayo kwenye kona ya giza umulike chambo. Kinachoripuka kwa rangi ni cha kuwaka kweli, kinachobaki kimya ni rangi ya kawaida. Utakuta vyambo viwili vinavyofanana kabisa mchana, kimoja kinawaka kingine kimelala.

Hizo zisichanganywe na zile zinazong'aa gizani zenyewe, za kijani hafifu, unazichaji kwa tochi ya simu alafu zinang'aa kwa muda. Za kuwaka zinahitaji mwanga uwepo, usiku chini huko hazina msaada. Za kung'aa zenyewe ni za usiku na kina kirefu, na zichaji tena kila unapopandisha jigi mana zinafifia haraka.

Hatua ya 8: jaribu kwa haki

Hapa ndo ubishi wa vijiweni unapozaliwa. Mtu ana chambo cha pinki, alipata nacho nguru mkubwa siku moja, toka siku hiyo anafunga pinki kila safari saa zote nzuri, na nyingine anazifunga samaki wakishakataa. Mwisho wa mwaka pinki imeongoza. Lazima iongoze, ndo iliyokaa majini muda mwingi.

Ukitaka kujua ukweli, toa mishipi miwili, vyambo viwe vya aina moja, saizi moja, urefu wa uzi mmoja, tofauti iwe rangi peke yake. Mwendo ule ule, kwa nguru kama kilomita 8 mpaka 11 kwa saa inatosha. Kila nusu saa badilisha upande, cha kulia kiende kushoto, mana upande mmoja unaweza kuwa na kivuli, au povu la mashine, au nahodha ana tabia ya kukata kona upande mmoja na kona ikikatwa chambo cha ndani kinazama na cha nje kinakimbia. Andika kwenye daftari au kwenye simu saa, anga, kipimo cha mfuniko, rangi, na kila aliyegonga hata kama hakupanda, mana aliyechomoka naye alikichagua chambo. Kumpandisha ni habari ya ndoana na mikono yako.

Na usitangaze mshindi mapema. Samaki watatu wakigonga mfululizo kwenye rangi moja kati ya mbili, hata kama rangi hazina tofauti yoyote jambo hilo linatokea mara 1 kati ya 4, ni sawa na kurusha shilingi. Wakiwa watano mfululizo ni mara 1 kati ya 16, hapo unaweza kuanza kusikiliza. Ndo mana nikisikia mtu anasema leo walikuwa wanataka kijani tu na amepata wawili, nanyamaza nakula zangu.

Hatua ya 9: samaki wamekataa, unabadilisha nini kwanza

Kwanza hamisha kina, ongeza au punguza uzi, weka uzito. Bado, badilisha mwendo. Bado, shuka saizi, watu wanaogopa chambo kidogo lakini jodari wadogo na sehewa wakiwa kwenye dagaa hawataki kingine. Bado, au unaona kabisa kwenye maji wanakifata alafu wanageuka, hapo sasa ndo zamu ya rangi, na ukibadilisha ruka upande wa pili. Kutoka nyeupe nenda nyeusi, kutoka fedha inayong'aa nenda kwenye rangi iliyopoa. Kutoka nyekundu kwenda machungwa kwenye maji ya bluu hujabadilisha kitu, umepoteza dakika tano na umejichoma ndoana bure.

Kama wanafata na kugeuka mara kwa mara kwenye maji masafi sana, kabla hujalaumu rangi tazama waya wako, waya mnene unaong'aa unaonekana kuliko chambo chenyewe. Weka mwembamba wa rangi ya kahawia.

Hatua ya 10: tunza rangi isiondoke

Ukirudi suuza vyambo na maji baridi yasiyo na chumvi, kausha kivulini, jua linaua rangi za kuwaka haraka sana kuliko za kawaida. Vile vya mpira laini na sketi usivichanganye kwenye boksi moja, pinki itaingia kwenye cheupe na ukiviacha kwenye gari Dar mchana vinayeyukiana vinakuwa tonge moja, kila rangi na mfuko wake. Vilivyochubuka na meno ya mzia usivitupe, kama bado vinaogelea vizuri vipake rangi ya kucha mara mbili, acha zikauke usiku kucha, na kabla hujavifunga vivute kwenye maji pembeni ya boti uone havijaanza kulala ubavu, mana rangi ikiwa nene upande mmoja inakipindisha na hapo utakuwa umeharibu mwendo kwa ajili ya rangi.